Bunduki Ndogo ya Josiah

Kijijini, 8 Agosti 1993

Mwanangu Clifford,

Habari za huko Montreal? Unakula? Unalala? Kile kikohozi cha Pasaka kimeisha au bado unakificha? Mimi ni mzima, goti tu linanisumbua nikipanda ngazi za duka, lakini kwenye tambarare natembea kama msichana. Shangazi yako Emmeline anakusalimu, anasema kama umeoa kimyakimya basi mtumie hata kipande cha keki.

Nimekaa kuandika kwa sababu Mzee Abel alipita hapa. Unamjua alivyo, hasemi jambo mpaka birika liishe. Mimi nikawa namimina, namimina. Mwisho akasema Ziwa la Midomo Miwili halijatoa moshi tangu baba yako Josiah afe. Akasema yeye ndiye mwangalizi wa ardhi upande ule, watu wanamwomba nafasi, na hawezi kuwaambia kila mwaka kwamba kibanda kina wenyewe na wenyewe hawaonekani. Hakunitisha. Alisema tu akainuka.

Basi mwanangu, majira haya ya baridi nakwenda. Emmeline amesema atakuja, eti hawezi kuniacha nikaongee na misonobari peke yangu. Lakini sisi ni vikongwe wawili. Ardhi ile haiwi yetu kwa kukaliwa na vikongwe, inataka ionekane ina mtu wa kesho. Njoo ukae nasi, hata msimu mmoja, Mzee Abel akuone. Baba yako alikuonyesha njia zote ukiwa mdogo, na mimi nitakukumbusha ulizosahau.

Na ile bunduki ndogo ya baba yako uliyoichukua kutengenezewa springi, iko tayari?

Mama yako anayekuwaza,
Harriet


Montreal, 21 Agosti 1993

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Barua yako nimeisoma mara mbili na kikohozi kimeisha kabisa, hata ukinipiga mgongoni sasa hakitoki kitu. Mwambie shangazi sijaoa, nikioa atapata keki nzima na bwana harusi wa kumgombeza.

Mama, nakuja! Yaani nilikuwa nangoja uniambie. Unajua nafanya kazi na Bwana Keating, yule mwenye shule ya kufundisha watu kuishi porini. Nimemweleza habari za Midomo Miwili, amefurahi kuliko mimi. Ananiruhusu likizo ndefu.

Sasa tupange vifaa. Ndege ya Gaston ni ndogo na sisi tutabeba migongoni. Mimi naona hivi: bunduki kubwa ya kulungu, maana akianguka mmoja tumemaliza shida. Pili, upinde wa chuma, hauna kelele, Bwana Keating anao mzuri sana. Tatu, bunduki ya marisau kwa ndege. Na mitego ya chuma, ile mikubwa. Unasemaje?

Bunduki ya baba imetengenezwa. Iko hapa ukutani kwangu, naipaka mafuta kila Jumapili.

Mwanao,
Clifford


Kijijini, 3 Septemba 1993

Mwanangu,

Umzima? Sisi tu wazima, ila shangazi yako nusura afe kwa kucheka. Nilimsomea orodha yako akasema, "Huyo mtoto anakwenda kuwinda au kupigana na Warusi?"

Sikiliza sasa, nitakuambia kama alivyoniambia baba yako tulipokuwa wachanga na njaa. Kulungu mkubwa ni bahati, na bahati huitegemei kwa chakula cha jioni. Bunduki yake ni nzito, risasi zake nzito, na ukimpiga sungura nayo unabaki na masikio mawili na manyoya hewani. Siku zote mbaya tutakazokuwa nazo, kitakachotulisha ni vidogo: sungura, kwale, nungunungu, panya wa maji. Kwa hiyo chombo kiwe kidogo pia.

Waya wa shaba kwanza. Ule mwembamba unaokunjika kwa vidole, lakini sungura akivuta haukatiki. Kibunda kizima hakifikii uzito wa kikombe changu cha chai, na kinawinda wakati sisi tumelala. Manati ninayo, na mpira wake mpya, kwa kwale wa chini wanaokuangalia kama wajinga. Kishoka kile cha mpini mfupi. Kamba na ndoano za pembeni mwa ziwa. Upinde wa chuma mrudishie mwenyewe, baridi ikikaza ule ni kuni tu, tena kuni mbaya.

Lakini cha kwanza kuliko vyote ni bunduki ndogo ya Josiah. Inavunjwa vipande viwili, inaingia kwenye mkoba wa mgongoni, na risasi za msimu mzima zinakaa kwenye kopo la tumbaku. Usiione ndogo. Waya utakupa sungura tu, na sungura hana mafuta. Unaweza kumla mpaka tumbo likauma na mwili ukaendelea kukudai. Mwenye mafuta ni nungunungu juu ya mti, ni yule biva, mkata miti wa majini, na hao hawaji kwenye tanzi langu, wanataka risasi moja ya kichwa. Kwa hiyo vingine vyote visahau ukitaka, hiyo usisahau.

Unavaa soksi za sufu? Nimekufumia mbili.

Mama yako


Montreal, 16 Septemba 1993

Mama yangu,

Shikamoo, na shikamoo shangazi mcheshi. Nimeshindwa, nasalimu amri. Iwe kama ulivyosema: waya, manati, kishoka, ndoano, bunduki ya baba. Nimeandika na kubandika mlangoni.

Nimeongea na Gaston kwa simu. Ndege haitoshi watu watatu na mizigo kwa safari moja. Tangulieni ninyi na hema, jiko la bati, mablanketi na unga wa kuanzia. Mimi nitakuja na ndege itakayofuata, hali ya hewa ikiruhusu, na bunduki, kibunda kipya cha waya, ndoo ya mafuta ya nguruwe, unga uliobaki na betri ya redio. Usihangaike kuazima bunduki hapo kijijini, utawasumbua watu bure.

Nakupenda, Mama. Niwekee kona yangu ile ya dirishani.

Mwanao,
Clifford


Ziwa la Midomo Miwili, 29 Septemba 1993

Mwanangu,

Nakuandikia juu ya goti, Gaston ananingoja na injini inanguruma. Tumefika salama. Kibanda kimesimama, dubu alikula mlango kidogo akaacha. Moshi umetoka leo! Emmeline aliwasha jiko akatoka nje kuutazama akasema, "Haya, Abel, vaa miwani."

Kona yako ya dirishani nimeifagia nimetandika matawi mapya.

Siku yako ya kuja sikuulizi. Watu wa kwetu hawamwulizi mtu wa porini siku, ni kumfungia njia. Nitasikia ndege na nitajua ni wewe.

Mama yako


Midomo Miwili, 14 Novemba 1993

Mwanangu Clifford,

Barua hii sijui itaondoka na nani. Naandika ili mkono usikae bure na moyo usije ukanipasuka.

Uko wapi, mwanangu? Uko hai? Umelazwa? Nimeota uko ndani ya maji, nikaamka nikatoka nje bila viatu. Emmeline ananiambia, "Wewe Harriet, huyo ana miguu ya baba yake, hazami." Lakini namwona naye anatega sikio.

Ziwa liliganda mapema. Kwanza ukingoni, kisha kote, barafu nyembamba ambayo haibebi mtu wala haikuruhusu kutupa ndoano. Ndege ya kutua majini haiwezi tena, na ya kutua kwenye barafu bado. Wakati huo mtu unakaa na ulicho nacho. Tulicho nacho ni waya wa zamani, manati na kishoka.

Waya unafanya kazi yake, nisiulalamikie. Sungura ni wengi mwaka huu. Asubuhi napita njia ya mierebi, nakuta mmoja, wawili, wameganda kwenye waya. Kwale nilimpata mmoja kwa manati, Emmeline akanipigia makofi kama niko kwenye hoki. Lakini unga umeisha na mafuta hatuna. Ni sungura asubuhi, sungura jioni, maji ya sungura katikati. Tunashiba na tunakonda. Tumbo la shangazi yako linamwendesha na miguu imekuwa kama ya kwale huyohuyo. Juzi alisema ananusa nyama ya nungunungu, kumbe ni soksi yangu imeungua jikoni. Tulicheka mpaka akaanza kukohoa.

Nungunungu yupo, mwanangu. Yuko juu ya msonobari nyuma ya kibanda, mnene, anatafuna magome ananitazama. Nilijaribu manati, ni kama kumkuna. Nilijaribu kukata ule mti kwa kishoka, ni mnene kuliko mimi. Kila asubuhi nakwenda kumwona. Risasi moja tu.

Kuna jambo zuri lakini. Ndege ilipita! Ilikuja chini kabisa juu ya ziwa, ikazunguka kibanda mara mbili. Nilivua kitambaa cha kichwa nikapunga, nikaruka na goti langu hili, nikapiga kelele jina lako. Ikainamisha bawa kama inanisalimu ikaenda. Haikudondosha kitu. Nikamwambia Emmeline, ni Clifford huyo, amekuja kuangalia barafu, amekosa pa kutua. Tangu hapo nalala vizuri zaidi. Kama ulikuwa wewe, nilikuona. Na wewe uliniona?

Mama yako


Montreal, 6 Desemba 1993

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta salama, na najua inakukuta salama, maana nimeulizia.

Anayekupa barua hii ni Bwana Keating mwenyewe, na hao ni wanafunzi wake. Usishtuke. Ni watu wazuri, wamesafiri mbali kuja kujifunza kwako. Wana kamera ndogo, usiijali. Fanya tu unavyofanya kila siku: mitego, kuchuna, kupika. Ukimaliza nao watakuachia vyakula vingi, na mimi nitakueleza yote tukionana. Nilitaka kuja nao lakini Bwana Keating anasema nikiwepo haitakuwa sawa.

Tafadhali Mama, wapokee kama unavyowapokea watu. Naomba hilo tu.

Mwanao,
Clifford


Kijijini, 22 Desemba 1993

Clifford,

Habari zako sijui. Mimi niko hai. Shangazi yako yuko hospitali kijijini, ana mpira wa maji mkononi, jana amekula uji na kumtukana daktari, kwa hiyo atapona.

Nitakueleza siku ile ilivyokuwa maana wewe hukuwepo. Nilisikia ndege nikiwa kwenye mierebi. Niliacha sungura kwenye waya nikakimbia. Nilivaa kitambaa safi, kwa ajili yako. Wakashuka kwenye barafu, mmoja, mwingine, mwingine. Yule mwenye ndevu, Bwana Keating wako, akanikumbatia kama tunajuana. Mimi nilikuwa naangalia nyuma ya bega lake, nangoja ushuke. Gaston akafunga mlango wa ndege.

Nikasoma barua yako palepale nimesimama, polepole, unajua ninavyosoma. Mpaka nikaimaliza nilikuwa bado sijaelewa. Nilidhani umewatuma kutuokoa.

Waliingia. Ulisema niwapokee kama ninavyowapokea watu, basi niliwapokea. Chunguni kulikuwa na sungura wawili, wa siku nzima, wangu na wa Emmeline. Nikawapakulia wote. Walikula kwa heshima, wakasema ni tamu, ni ya porini hasa. Walikuwa na siagi kwenye mabegi yao, Clifford. Niliiona. Hawakuitoa kwa sababu Bwana Keating alisema watakula nitakachowapa na si zaidi, ndilo somo. Na mimi nilishindwaje kuomba? Unajua. Mwenye kibanda haombi kwa mgeni.

Kisha akanitaka nitege tena ule mtego, eti mwanga haukuwa mzuri. Nikatega tena. Emmeline amelala kitandani, macho tu ndiyo makubwa, kamera ikamgeukia. Akasema kwa Kikrii, lugha yetu, "Mwambie nitakufa polepole, apate picha nzuri." Nilicheka. Wakafurahi kwamba tunacheka.

Kulikuwa na msichana wa kofia nyekundu. Yeye hakula. Aliketi karibu na Emmeline akamshika mguu, akaanza kulia. Akaniuliza, "Mama, kwa nini ulikubali?" Nikamwuliza nilikubali nini. Akasema, "Kukaa bila bunduki. Clifford alituambia wewe mwenyewe ulichagua, ndiyo maana ya safari hii, watu wawili wa kale na waya mtupu. Alisema yeye ndiye aliyetoa wazo."

Nilitoka nje nikasimama chini ya msonobari wa nungunungu.

Gaston alipoingia kunywa chai na kumwona Emmeline, alitoka bila kuigusa. Alitupa masanduku ya wale watu kwenye theluji, moja moja, Bwana Keating anapiga kelele, naye anatupa. Alimbeba shangazi yako kama kuni. Angani aliniambia, analia huku anaendesha, kwamba ni yeye aliyepita mwezi ule. Alitumwa na ninyi aangalie kama moshi unatoka. Moshi ukitoka, wazima. Aliambiwa bunduki ninayo, na chakula ninacho.

Kwa hiyo hukuwa wewe. Nilimpungia kitambaa mtu aliyekuwa anahesabu moshi wangu.

Nimefikiria sana, na njaa siihesabu. Baba yako na mimi tumelala njaa kuliko hiyo, hakuna aliyetukosea, wanyama hawakuja tu. Baridi nayo siihesabu. Hesabu yangu ni hii moja. Ulijua sitakuuliza siku. Ulijua sitaazima bunduki kwa watu baada ya wewe kusema usiazime. Ulijua wageni nitawapa chungu chote na sitagusa mabegi yao. Yule mwenye ndevu hajui hata njia moja ya ziwa lile, asingeweza kunitega. Wewe nilikulea mimi, ukajua ninapopita, ukatega hapo.

Mama yako,
Harriet


Montreal, 17 Januari 1994

Mama yangu,

Shikamoo. Sijui nianzie wapi. Nimempigia shangazi hospitali, alisema "Namba siyo" akakata, na ilikuwa sauti yake.

Mama, sikutaka mtu aumie. Gaston alikuwa anaangalia, redio tungeleta wakati wowote barafu ikikaza, na wewe ni wewe, hakuna anayejua pori kama wewe. Nilikuwa na uhakika kabisa. Unafikiri ningefanya hivyo kwa mama wa mtu mwingine, asiyejua? Niliwaambia watu darasani: mama yangu mkimpa waya tu, anaishi. Nilijivuna kwa ajili yako. Na sikukudanganya, niliandika hali ya hewa ikiruhusu.

Bwana Keating alisema safari ikifanikiwa, kambi ya Midomo Miwili itakuwa yangu kuiongoza, kila mwaka, moshi kila mwaka. Si ndicho Mzee Abel anachotaka? Niliona nimepata njia ya kuishika ardhi ya baba na kazi yangu pamoja. Ningekueleza, lakini watu wa shule wangesema umejitayarisha.

Nikubalie nije Machi nizungumze na Mzee Abel. Ukiwa upande wangu atanisikiliza. Bunduki ya baba nitakuja nayo, nimeipaka mafuta.

Nisamehe. Nijibu hata neno moja.

Mwanao,
Clifford


Kijijini, 9 Februari 1994

Clifford,

Umzima? Mimi ni mzima. Emmeline ametoka hospitali, ananenepa, analalamika kwamba nguo zake zimeanza kumtosha tena.

Umesema ulijivuna kwa ajili yangu. Naamini. Nimeipindua barua yako huku na huku kutafuta kama uliniogopea hata siku moja, wewe unayejua kwamba mimi nakuogopea kila siku, na kikohozi chako, na soksi zako. Sikuipata. Labda iko mahali na macho yangu ni mabaya.

Bunduki mpe Gaston. Ije bila maelezo.

Mzee Abel sikumwacha angoje Machi. Nilikwenda kwake mwenyewe, na goti hili, nikakaa mpaka birika lake likaisha. Aliniuliza nani atashika Midomo Miwili baada yangu. Nilidhani mdomo wangu utakuja na jina lako kwa mazoea tu. Nikasema Lorna. Unamkumbuka, binti wa mwisho wa shangazi yako, ulikuwa unamwita Kelele. Ana mikono mizuri ya waya na haachi kuuliza maswali, anauliza utakwenda lini, utarudi lini, umebeba nini. Zamani nilikuwa namkemea. Sasa namjibu. Mzee Abel alisema, "Haya," akasokota tumbaku, yameisha.

Tunarudi ziwani wiki ijayo, watatu. Kona ya dirishani amelala yeye safari ya kwanza tuliyokwenda kufunga mlango tuliouacha wazi, akaipenda, nikamwachia.

Wewe ukipita njia ile, njoo. Hakuna aliyefika kwenye kibanda kile akakosa kula, na sitaanza na wewe. Utapewa chai, utaulizwa habari za safari, utapakuliwa mpaka useme basi. Na ukishiba, Lorna atakuonyesha wanapolala wageni.

Mama yako,
Harriet